Mama Mkwe, Sigara na Mlio wa Pikipiki

Pikipiki niliyokuwa nayo miaka hiyo ilikuwa na kelele kuliko nguvu. Niliinunua kwa mhubiri mmoja aliyekuwa akihamia Sondu, na bomba lake la moshi lilikuwa na tundu ambalo mafundi watatu wa Kisumu walishindwa kuliziba, au walijifanya wameshindwa. Nikiiacha lami na kushika njia ya vumbi kwenda kwa wakwe zangu, mbele kidogo ya Kombewa, watu wa boma lile walinisikia kabla sijafika kisimani. Mke wangu, aliyekaa nyuma yangu na kikapu mapajani, alipenda kusema kwamba hakuna mwizi angeiiba pikipiki ile akafika mbali.

Nilioa katikati ya miaka ya themanini, nikiwa mwalimu wa baiolojia katika shule moja ya upili mjini. Baba mkwe alikuwa ameshafariki. Aliyebaki na boma alikuwa mama mkwe, mwanamke mwembamba, mrefu, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, mwenye sauti ya kuita wateja kutoka upande mmoja wa soko la Kombewa hadi mwingine.

Kwao heshima kati ya mkwe na mama mkwe ilikuwa kali. Yapo maboma yaliyoilegeza, lakini lile halikuwa na mzaha. Hakula mbele yangu, wala mimi mbele yake. Hakulala chini ya paa langu hata siku alizokuja Kisumu mvua ikamkuta. Alikwenda kwa dada yake aliyekuwa akiishi mtaa wa pili, amejifunika karatasi ya nailoni kichwani. Tulisalimiana kwa mbali, macho chini, maneno mawili matatu ya Kijaluo, kisha kila mmoja akashika upande wake: mimi sebuleni na shemeji zangu, yeye jikoni. Aliniita orwa, yaani mkwe wetu, na kwa miaka kumi sikusikia akiniita jina jingine.

Heshima hiyo ilikuwa na maana kwamba kuna mambo ambayo mkwe hayaoni hata akiyaona. La kwanza kati ya hayo lilikuwa sigara.

Kila safari tulisimama Otonglo kununua mkate. Ndani ya kikapu tulikuwa tayari na sukari, majani ya chai na mafuta ya kupikia. Mimi nilinunua pia pakiti mbili za sigara zisizo na kichujio, nikampa mke wangu bila kusema neno, naye akazifunga kwa gazeti na kuzisukuma chini kabisa, chini ya mkate. Hakuna aliyeuliza ni za nani. Tukifika, kikapu kiliingia jikoni, na baada ya muda mfupi harufu ya tumbaku ilizunguka pembe ya nyumba ikatufikia sebuleni. Shemeji zangu waliendelea kuongea habari za mpira. Mimi nilimeza mate, kwa sababu mimi pia nilikuwa mvutaji, na mkwe hawezi kuwasha sigara katika boma la mama mkwe.

Alivuta kwa namna ya akina mama wa ufukweni wa zamani. Aliwasha sigara, akaigeuza, akaingiza mdomoni upande wenye moto, kisha akafunga midomo. Kwa nje kikabaki kipande cheupe tu. Alijifunza akiwa msichana, akianika samaki na wanawake wakubwa. Mikono imelowa, upepo wa ziwa unazima kila kiberiti, mtoto yuko mgongoni na jivu likidondoka litamchoma. Moto ukikaa ndani ya mdomo, mikono inabaki huru na upepo haupati kitu cha kuzima. Walikuwa wamelifikiria jambo hilo vizuri, isipokuwa upande wa mdomo wenyewe.

Kuna siku moja ambayo mke wangu bado anaicheka. Ilikuwa mwaka wa pili au wa tatu wa ndoa yetu. Nilishindwa kuvumilia, nikaaga sebuleni kwamba naenda kunyoosha miguu, nikajificha nyuma ya ghala la mahindi na kuwasha yangu. Sikuwa nimevuta mara tatu mama mkwe akatokea upande wa pili wa ghala, amefunga midomo, kipande cheupe kimechungulia nje. Tulisimama tukitazamana, jambo ambalo halikuruhusiwa hata bila sigara. Nikaitumbukiza yangu mfukoni mwa suruali ikiwa inawaka. Nikamsalimu. Yeye, kwa kuwa alikuwa na moto mdomoni, aliitikia "Mmm," na moshi ukamtoka kwenye tundu zote mbili za pua. Kisha kila mmoja akageuka akarudi alikotoka. Mimi nilirudi sebuleni na tundu mfukoni na lengelenge pajani, na habari ile haikutajwa na mtu yeyote kwa miaka minane.

Lakini nilifurahi kwenda kule. Nilifurahi kwa sababu ya jinsi alivyotupokea. Mlio wa pikipiki ukifika kwake aliacha alichokuwa akifanya, hata kama ni kupepeta, akanawa mikono na kutoka uani haraka, akijifunga kitambaa kichwani upya. Mwanamke wa umri ule alitoka mbio kama msichana. Alikuwa akisimama pale, macho chini kama inavyotakiwa, lakini uso wote umechangamka. "Mama anakupenda," mke wangu aliniambia. "Hata kaka zangu wakija hatoki hivyo." Nilivimba kichwa. Katika chumba cha walimu nilikuwa nikiwasikiliza wenzangu wakilalamika juu ya wakwe zao, nami nikakaa kimya kwa majivuno.

Miaka ya tisini ilikuwa imefika katikati mama mkwe alipoanza kuacha chai ipoe kabla ya kuinywa. Kisha uji wenye ukwaju ukawa unamchoma. Mke wangu akamwita mlangoni penye jua, akamwambia afungue mdomo, na alichokiona juu kwenye kaakaa kilimfanya arudi Kisumu siku hiyohiyo bila kula. Aliniambia palikuwa na ngozi nyeupe, nene, yenye vidoa vyekundu.

Tulimleta kwa daktari wa meno na kinywa mjini. Mimi nilikaa nje kwenye benchi, kwa sababu mdomo wa mama mkwe si kitu cha mkwe kuchungulia. Daktari alikuwa kijana, na alizungumza waziwazi. Alisema ugonjwa mbaya haujaanza, lakini mahali pale pameungua miaka mingi na ndipo unapoanzia. Akiacha kupachoma, huenda pakajirekebisha. Arudi baada ya miezi sita. Ikiwa bado pako hivyo au pameenea, watakata sehemu ya kaakaa, na baada ya hapo maneno yake yatatokea puani na chakula kitampa taabu.

Mke wangu alinisimulia hayo tukiwa tumesimama kwenye veranda, mama yake ametangulia hatua chache mbele akitazama barabara. Nilifikiria ile sauti ya sokoni. Niliogopa sana, kuliko nilivyotegemea.

"Mama amesema nini?" nikauliza.

"Amesema, 'Nimesikia.' Ni hiyo tu."

Naye alikuwa amesikia kweli. Alifika nyumbani akatupa pakiti nzima chooni, na wiki nne zikapita hajagusa. Sisi tukaondoa sigara kwenye kikapu. Mwisho wa wiki ya nne tukaenda kumpongeza, tukiwa na sukari na mkate mzuri, na alitoka uani kama kawaida yake. Jumatatu yake tukapata habari kutoka kwa jirani aliyekuja Kisumu kuuza kuku: mara tu tulipoondoka, mama alituma mtu dukani, na jioni ile alivuta sigara sita.

Akaacha tena. Tukakaa wiki tatu bila kwenda, na wiki tatu zote alikuwa mzima. Tukaenda. Akaanguka. Mara ya tatu ikawa hivyohivyo, na miezi miwili kati ya ile sita ilikuwa imeliwa.

"Mama si mtu wa tamaa," mke wangu alisema, amekaa jikoni kwetu na kitambaa cha vyombo mkononi. "Amezaa watoto saba, amezika wawili, hakuna kitu imewahi mshinda. Sasa karatasi na majani ndiyo inamshinda?"

Mimi ni mtu wa hasira ndogondogo, na hasira zangu hupenda kutoa mihadhara. Nikamwambia kwamba tatizo ni nia. Mtu akiamua, nikasema, ameamua. Mwili ni mtumishi. Nilipomaliza, mke wangu aliangalia tu sigara iliyokuwa ikiwaka kati ya vidole vyangu mpaka nikaenda kuizimia nje.

Likizo iliyofuata tuliitwa semina ya walimu wa sayansi, wiki moja ya joto katika ukumbi unaotazama ziwa. Siku ya pili akaja mwalimu wa chuo kikuu, mama mmoja daktari, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alichora ubongo ubaoni kwa chaki, akachora njia nyembamba ndani yake, akaandika: dopamini.

Nilikuwa nimesoma mahali kwamba dopamini ni kemikali ya raha, na nikajiandaa kusinzia. Lakini yeye alisema wanaoichunguza wanazidi kuona kwamba sivyo, au si hivyo tu. Kazi yake kubwa, alisema, ni kusukuma. Ndiyo inayokuinua kitini ukachote maji, ukafungue kitabu, ukamtafute mchumba. Inakufanya utake, na kutaka si sawa na kufurahia. Mtu anaweza kukitaka kwa nguvu zote kitu ambacho hakimpi raha hata chembe, na anayetaka kujua yuko vipi mtu huyo, amtazame mlevi saa moja asubuhi. Dawa za kulevya, pombe na tumbaku zinaisukuma kemikali hiyo kupita kipimo, kwa hiyo ubongo unashika somo ambalo hakuna chakula wala sifa inayoweza kulifundisha kwa nguvu ile.

Kisha akasema jambo lililoniamsha kabisa. Mwanzoni, alisema, dopamini inaruka unapopata kitu. Ukishazoea, inaruka mapema, kwenye ishara ya kitu, na kitu chenyewe kikija huikuta imetulia. Lakini ishara ikija na kitu kisije, inashuka chini kuliko ilivyokuwa mwanzo, na hapo ndipo mtu anatoka kukitafuta.

Akaangalia saa yake. "Dakika moja hivi kengele ya chai italia," akasema. "Wavutaji mlioko hapa, nawaomba mjichunguze."

Kengele ikalia. Nilipojitazama, mkono wangu wa kulia ulikuwa tayari mfukoni, vidole vimeshika pakiti.

"Wewe, mwalimu wa shati ya bluu," akasema. "Ulikuwa unaitaka kabla ya kengele?"

"Hapana, Daktari."

"Basi sasa umekutana nayo."

Ukumbi mzima ukanicheka. Nilimfuata nje akiwa na kikombe chake cha chai, nikamuuliza ishara kama hiyo inakufa vipi. Aliniambia kwamba ukiikimbia inalala tu, siku ukiirudia inaamka na wewe. Inachoka ikija tena na tena bila kuleta kitu. "Na hata hapo haifutiki," akasema. "Ubongo unajifunza jambo jipya juu ya lile la zamani. Inabidi hilo jipya ulipatie muda."

Jioni nilipanda pikipiki, nikaikanyaga, ikaunguruma kwa ule ubaya wake wote. Wapita njia wawili wakaziba masikio. Nikaizima palepale. Nilikaa juu yake injini ikiwa kimya, kwa sababu nilikuwa nimeelewa kitu.

Kengele ya mama mkwe nilikuwa mimi.

Kwa miaka kumi mlio ule ulikuwa umefika kwake kabla ya pakiti mbili ndani ya gazeti. Wiki ambazo hatukwenda alikaa salama. Tukienda, tena bila sigara, mwili wake ulikuwa umeshasimama uani kuzipokea, na zisipokuja ulizitafuta dukani. Na sisi, kwa wema wetu, tulikuwa tumempelekea ishara mara tatu ndani ya miezi miwili, tukamwachia kazi ya kupambana nayo peke yake.

Niseme ukweli: kilichoniuma kwanza hakikuwa mdomo wake. Kilichoniuma ni ule uso uliochangamka. Miaka kumi nilidhani anatoka kunipokea mimi, kumbe alikuwa akilipokea gazeti lililokuwa chini ya mkate. Nilihisi aibu kwa kuumizwa na jambo kama hilo wakati mgonjwa ni mwingine, lakini liliniuma.

Nilimweleza mke wangu nilivyofikiri. Twende kila Jumamosi, nikasema. Mlio uwe uleule, watu walewale, na tusibebe kitu. Hata kikapu chenyewe ni ishara, kikae nyumbani.

"Mkono mtupu?" akasema. "Kwa mama yangu? Kila Jumamosi?"

Anayejua mila zetu ataelewa. Mkwe anaweza kuwa mlevi, anaweza kuwa mjinga, lakini akifika ukweni mikono mitupu mara mbili mfululizo atakuwa hadithi ya soko zima. Tulibishana siku mbili. Mwisho tukakubaliana sukari na mafuta ya mama tuyapitishe kwa majirani wanaokuja Kisumu katikati ya wiki, ili nyumba yake isipungukiwe na Jumamosi ibaki tupu. Mke wangu akatangulia peke yake kwa gari kumweleza mama yake, na akarudi na jibu.

"Amekubali. Lakini amesema, kama ni kuacha, muache wawili. Amesema anajua unavuta, tangu ile siku ya ghala. Anauliza mfuko wa suruali ulipona?"

Kwa hiyo tukaacha wawili.

Jumamosi ya kwanza alitoka uani kama kawaida, akijifunga kitambaa. Niliona macho yake yakienda kwenye mapaja ya mke wangu, yakaenda kwenye kiti cha nyuma cha pikipiki, kisha yakashuka chini. Tukasalimiana. Akarudi jikoni. Mke wangu akaniomba nisiende sebuleni, nikae karibu ili mama ajue kwamba hateseki peke yake, basi nikachukua kigoda nikakaa nje kwenye kivuli, mgongo wangu umeegemea ukuta wa jikoni. Yeye alikuwa ndani upande wa pili, akibangua karanga.

Tulikaa hivyo kwa muda mrefu. Kisha nikasikia sauti yake, na haikuwa kwa Kijaluo. Ilikuwa kwa Kiswahili, kile cha sokoni, alichokuwa akitumia kwa wateja asiowajua.

"Ukuta," akasema. "Wewe ukuta, hii kitu inakwaruza hapa kwa koo, wewe unaisikia?"

Ilinichukua muda kuelewa. Heshima yetu yote ilikuwa ndani ya Kijaluo. Humo ndimo mlimokuwa na orwa na macho ya chini. Kiswahili hakikuwa na mkwe. Na aliyekuwa akisemeshwa ni ukuta, hakuna sheria inayomkataza mtu kuongea na ukuta wake.

"Ukuta unasikia," nikajibu, nikitazama ua wa minyaa mbele yangu. "Mimi yangu iko kwa vidole."

Baada ya muda mke wangu akatoka na sahani ya karanga mbichi, akaiweka karibu na mguu wangu. "Ukuta umesema upatie vidole kazi," akaniambia, naye alikuwa amejiuma midomo asicheke.

Jumamosi ile tulipoondoka alivuta sigara mbili. Iliyofuata, moja. Ya tatu akavuta nne, akampiga mbwa, na Jumapili hakwenda kanisani kwa hasira. Nilianza kuogopa kwamba nimewatia watu katika jaribio la darasani lisilo na maana, na daktari anasubiri na kisu chake. Jumamosi ya nne hakuvuta.

Habari zetu zilishafika njia panda. Kulikuwa na mzee mmoja aliyeshona viatu pale, na kila tulipopita alinyanyua kichwa. "Mwalimu!" alinipigia kelele siku moja mbele ya watu. "Unaenda kwa watu mkono hivyo? Hata kiberiti, Bwana? Hata kiberiti moja mama awashe moto?" Kati ya vitu vyote vya dunia akachagua kiberiti. Damu ilinipanda, nikataka kushuka nimweleze habari za dopamini kuanzia mwanzo. Mke wangu akanifinya mbavu kwa nyuma. Nikajikaza kisabuni, nikampungia mkono, tukapita tukiwa tumeacha kicheko na vumbi.

Mimi mwenyewe nilianguka wakati wa kusahihisha mitihani. Robo tatu ya madaftari yalikuwa yamekwisha, mwenzangu akawasha yake, na nilipozinduka nilikuwa nusu ya pakiti yake. Jumamosi nikaungama kwenye kigoda changu.

"Ukuta," nikasema, "wiki hii mwalimu ameanguka mtihani."

Upande wa pili alicheka mpaka akakohoa. "Mwambie arudie darasa," akasema. "Hapa kwetu hatufukuzi mtu."

Sijui kama nilipata kumpenda mtu mzima kwa namna ile kabla ya siku hiyo. Zile Jumamosi ndizo ninazozikumbuka kuliko sikukuu zote za miaka ile: harufu ya omena iliyoanikwa, kuku wakichokora maganda ya karanga, sauti yake ikipita kwenye nyufa za udongo. Aliuambia ukuta habari za ujana wake, jinsi wasichana walivyoshindana nani anaweza kuimba na moto mdomoni. Aliuuliza ukuta kama ni kweli watoto wa shule hukata vyura tumbo. Sikumtazama, naye hakunitazama.

Wiki ya kumi hivi akasema, "Leo nimesikia pikipiki, na koo haijakwaruza." Nilirudi Kisumu nikichora mstari katika daftari, ukianzia juu na kushuka taratibu, na nilikuwa na furaha ya mwalimu ambaye hesabu zake zimekubali.

Ila kitu kimoja hakikukubali. Kama mlio ulikuwa umekufa, asingetoka. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, nimeupa moyo habari mapema: siku moja nitazima injini uani, na uani hapatakuwa na mtu, na hapo nitajua kwamba kazi imefanyika. Lakini kila Jumamosi alitoka vilevile. Alinawa mikono, akajifunga kitambaa, akatoka mbio. Jumamosi ya kumi na mbili, ya kumi na tatu, uso uleule.

Nikaanza kumshuku. Nilimwambia mke wangu kwamba mama anatudanganya, kwamba mahali fulani ana pakiti, kwa sababu mwili wake bado unaitikia. Mke wangu alikasirika, akasema mama yake hajawahi kudanganya hata kipimo cha omena. Jumamosi moja nilijifanya nanyoosha miguu nikaenda nyuma ya ghala kutafuta vipande. Hapakuwa na kitu ila sisimizi wasio na kazi. Niliporudi kwenye kigoda niliona aibu, na sikuuambia ukuta nilikotoka.

Miezi sita ikatimia. Nilikaa tena kwenye lile benchi la nje kama mtahiniwa. Walikaa ndani muda mrefu. Mlango ulipofunguliwa mke wangu alikuwa analia, kisha nikaona kwamba analia huku anacheka. Kaakaa lilikuwa jekundu safi, daktari alisema, kama la mtu mwingine. Ule weupe umebaki alama ndogo ya kuangaliwa mwaka ujao. Hakuna kisu. Alisema mdomo kama ule hauwezi kusema uongo: mama huyu hajavuta kwa miezi.

Mama mkwe alipita mbele yangu, macho chini kama inavyotakiwa. Alipofika barabarani alimwita muuza machungwa wa upande wa pili kwa sauti yake yote, na watu watatu wakageuka.

Jumamosi iliyofuata tukaenda na kikapu. Mke wangu alitaka hivyo, alisema amechoka na yule mzee wa viatu. Tukanunua mkate Otonglo, tukajaza sukari na majani ya chai, na tulipopita njia panda akakiinua kikapu juu kichwani mzee akione vizuri. Pikipiki ikanguruma mpaka uani. Mama mkwe akatoka mbio, mikono inadondoka maji, anajifunga kitambaa.

Nilimwangalia macho. Kikapu kilikuwa pale, mapajani mwa mke wangu, mkate ukichungulia. Hakukitazama.

Nikazima injini. Nilikuwa na swali ambalo mkwe hawezi kuuliza, basi nikaupiga usukani kofi, nikaiambia pikipiki kwa Kiswahili: "Wewe. Sigara iliisha zamani. Mbona huyu mama bado anakukimbilia?"

Alicheka, mkono mdomoni. Kisha akautoa mkono. Hakuongea na ukuta, wala na pikipiki, wala kwa Kiswahili. Aliinua macho akanitazama usoni, mimi mkwe wake, na akanijibu kwa Kijaluo.

"Hata mimi, mwanangu," akasema. "Miaka yote hiyo nilidhani ni sigara."